Furaha ya Muislamu kati ya Kukinai na Kipato

Mjini Moshi, ambako riziki ya nyumba nyingi hutegemea mlima Kilimanjaro, miezi ya Aprili na Mei hupima imani za watu. Masika yanapokaza, wapandaji hupungua, na wapagazi, ambao mitaani huitwa wagumu, hubaki nyumbani wakila akiba au wakikopa. Kipindi hicho ndipo nasaha ya kukinai husikika zaidi: kwamba mali si furaha, na kwamba utajiri, kama alivyosema Mtume (s.a.w.) katika hadithi waliyoipokea wanazuoni wa hadithi Bukhari na Muslim, si wingi wa vitu bali ni utajiri wa nafsi. Wapo Waislamu wanaoguna wakiisikia. Hawaikatai hadithi, ila wanahoji kwa nini asomewe asiye na kitu.

Wanaoitetea nasaha hiyo wana hoja nzito. Qur'ani inasema nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Allah (13:28), na kwamba atakayeupa mgongo ukumbusho Wake atakuwa na maisha ya dhiki (20:124), bila kueleza kuwa dhiki hiyo ni ya mfukoni. Furaha inayoletwa na bahasha ya bakshishi ya watalii huondoka pamoja na watalii, wanasema, na kitu kinachoondoka hivyo hakistahili kuitwa furaha ya kweli.

Upande wa pili nao haubahatishi. Unakumbusha hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Ibn Hibban, inayotaja mke mwema, nyumba yenye nafasi, jirani mwema na kipando kizuri kuwa miongoni mwa mambo yanayomfurahisha mtu. Unakumbusha pia dua ambayo Mtume aliikithirisha, akijikinga kwa Allah na hamu, yaani wasiwasi, na huzuni, kisha, katika dua hiyo hiyo, na uzito wa deni na kukandamizwa na watu. Mama aliyechukua mkopo wa kausha damu, wenye riba ya kuumiza, ili watoto wake wale hahitaji kufafanuliwa kwa nini huzuni na deni vimewekwa pamoja. Ukimwambia akinai tu, umemchukulia deni lake kuwa ni tamaa.

Aya inayopendwa na upande huu ni ile isemayo, "wala usisahau fungu lako la dunia" (28:77). Husomwa kana kwamba ni ruhusa iliyosimama peke yake, ilhali ni sehemu ya maneno ambayo watu wa Qaruni walimwambia Qaruni, tajiri ambaye funguo za hazina zake ziliwalemea watu wenye nguvu, na kabla yake walikwisha kumwambia asijigambe kwa furaha. Kwa maoni yangu hapa pande zote mbili zinajikwaa: mmoja unaichukua aya ya kumwonya tajiri ukaifanya kibali cha kutafuta, na mwingine unaichukua nasaha inayomfaa tajiri ukampelekea maskini.

Wafasiri wa mwanzo hawakuwa na haraka kama yetu. Aya ya 97 ya Suratun-Nahl inamwahidi muumini atendaye mema "maisha mazuri", na mfasiri wa Qur'ani Ibn Kathir amenukuu kauli zaidi ya moja kuhusu maneno hayo. Ibn Abbas amepokewa akisema ni riziki ya halali iliyo njema. Ali bin Abi Talib akasema ni kukinai. Na Mujahid, Qatada na Hasan al-Basri wakaona kwamba maisha mazuri hayampati mtu ila Peponi. Binafsi sioni haja ya kuchagua kauli moja na kuzifuta nyingine. Kauli ya Hasan na wenzake inafaa kupewa uzito zaidi kuliko tunavyoupa, kwa sababu inamwondolea muumini mzigo wa kujionesha kuwa ana furaha muda wote.

Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yakawa meupe, na Mtume alitokwa machozi kwa kifo cha mwanawe Ibrahim. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa wa sonona kwamba imani yake ni pungufu anasema lisilo na msingi, na Mtume mwenyewe aliamrisha watu watafute tiba.

Alama ya furaha ya muumini ninayoiona kuwa ya kuaminika zaidi imo katika hadithi ya Suhaib iliyopokewa na Muslim: muumini akipata jema hushukuru, akipatwa na dhara husubiri, na yote mawili ni kheri kwake. Shukrani imetajwa kwanza, nayo huonekana Agosti, msimu unapochanganya, katika mkono wa mwajiri siku ya kulipa. Mpagazi naye hawezi kuambiwa kwamba kudai haki yake ni kukosa subira, kwa kuwa katika hadithi qudsi, yaani maneno ya Allah yaliyosimuliwa na Mtume, aliyoipokea Bukhari, Allah ametaja watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, asimpe ujira wake.