Mbwa wa shamba: fimbo au dagaa?

Vijijini Newala, Tandahimba na Nachingwea mbwa hafugwi kwa mapambo. Muhogo na karanga vikikaribia kukomaa, nguruwe pori huingia usiku, na mtu aliyeko kwenye dungu humtegemea mbwa wake amwamshe. Wengi humfunza kwa fimbo, si kwa zawadi ya chakula, na wana sababu zao. Mbwa aliyekamata kuku akachapwa papo hapo mara nyingi hukoma. Fimbo hukatwa porini, dagaa hununuliwa. Tena, wanasema, mbwa aliyezoeshwa vitonge atapokea chochote kwa yeyote, na mwizi atamtilia sumu.

Hoja hiyo ya sumu ni nzito, siipuuzi. Lakini mbwa mwenye njaa aliyechapwa tangu udogoni naye hula nyama iliyotupwa uani, tena kwa pupa. Anachohitaji ni kujua kusubiri. Weka kitonge chini, kifunike kwa kiganja, mpe pale tu anapoacha kukichokora na kukutazama wewe. Si kinga kamili, ila fimbo haimpi hata hiyo.

Gharama nayo haizidi sana. Ugali wake wa jioni na vichwa vya dagaa, badala ya kumwagiwa kwa mkupuo, umegwe vitonge vidogo vidogo. Ugumu uko kwenye wakati: zawadi imfikie ndani ya sekunde moja au mbili. Ukimwita akaja, kisha ukaingia jikoni kutafuta cha kumpa, ulichomfunza ni kukufuata jikoni. Na nyumba nzima itumie neno lile lile, jambo ambalo fimbo haidai.

Anayeona haya ni mambo ya ugenini aitazame Morogoro. Huko shirika la APOPO, ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mfupi unaofuatwa na chakula, kama ndizi. Panya hao wamefanya kazi ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu hayo.

Kuna pia suala la najisi, na pwani yetu ya Waislamu wa Kishafi haliwezi kurukwa. Mate ya mbwa yakikugusa, unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Asiyetaka kulambwa ana haki yake. Lakini kitonge kinaweza kurushwa chini bila kugusana. Kufunza mbwa kwenyewe si jambo geni katika dini: aya ya 4 ya Sura Al-Maida inahalalisha windo la wanyama waliofunzwa.

Nisipokubaliana kabisa na wenye fimbo ni kwenye kunguruma. Mtoto anasogelea chakula cha mbwa, mbwa ananguruma, anapigwa. Watu hudhani ameshika adabu, kumbe amejifunza kunyamaza tu, hofu yake iko pale pale. Siku nyingine atauma bila kutoa onyo. Na kichaa cha mbwa hakina dawa dalili zikishaonekana, kwa hiyo kila jeraha la namna hiyo ni kuosha kwa sabuni na maji mengi, kisha kukimbilia hospitali kuchomwa sindano zaidi ya moja.

Chanjo ya mbwa mwenyewe nayo inahitaji mbwa anayeshikika. Wataalamu wa mifugo wakifika kijijini, aliyezoea kuitwa kwa kitonge huja akafungwa kamba. Aliyezoea mkono wenye fimbo anauona mkono, anaingia kwenye mikorosho, na mwenyewe anabaki na kamba tupu.