Transista hazina uchawi, ila nitaendelea kuzilehemu

Kigeuzi changu cha sauti, kile nilichokiunda mwenyewe cha kugeuza namba za muziki wa dijitali kuwa mawimbi ya umeme, hakina opampu (chipu ya kukuza mawimbi hayo) hata moja kwenye njia ya analogi, ni transista tupu. Kila anayekiona huniuliza: kwa hiyo kinatoa sauti nzuri zaidi? Jibu langu huwaudhi wengi. Sidhani.

Chipu niliyotumia ni AD1862 ya biti 20. Haitoi volti, inatoa mkondo: miliampia 1 upande wa chanya, miliampia 1 upande wa hasi. Kibarua ni kuugeuza mkondo huo kuwa volti bila kuisumbua pini (mguu wa chipu) unakotokea, maana pini hiyo hupenda kutulia kwenye volti sifuri. Opampu kama NE5534 huimaliza kazi hii kwa rezista moja ya mrejesho. Mimi nikaweka transista, yenye miguu mitatu (besi, emita na kolekta), ambayo volti ya besi yake haichezi: mkondo unaingilia emita, unatokea kolekta. Ikipitisha miliampia 10, emita ina ukinzani wa omu 2.6 hivi, kwa hiyo pini inayumba kwa milivolti 2.6 tu. Kolekta inaumwaga mkondo kwenye rezista ya omu 2,800 na unapata kilele cha volti 2.8, yaani zile volti 2 za RMS (kipimo cha nguvu halisi ya wimbi) zilizozoeleka kwenye mashine za CD. Kwenye karatasi, mambo safi.

Mezani ikawa hadithi nyingine. Mita niliyoweka kwenye tokeo, bila muziki, ilisoma sifuri nilipowasha, kisha ikaanza kupanda: milivolti 30, 90, 200, na bado haijachoka. Nikapuliza bodi kwa mdomo, ikashuka. Nikaishika transista kwa vidole viwili, ikaruka.

Mwizi alikuwa joto. Zile miliampia 10 zinasimamiwa na transista nyingine, yenye taa nyekundu ya LED kwenye besi (si pambo, ndiyo kipimo chake cha volti) na rezista ya omu 110 kwenye emita. Transista ikipata joto la digrii moja, volti kati ya besi na emita inapungua kama milivolti 2. Gawa kwa 110, zidisha kwa 2,800: karibu milivolti 50 kwa kila digrii! Lakini volti ya LED nayo hushuka na joto, kwa kiasi kinachokaribiana. Yangu nilikuwa nimeiweka mbali, sentimita tatu, ili bodi ipendeze. Nikaikunja miguu ikagusana na transista, nikavifunga pamoja kwa mpira wa kubana waya. Mita ikatulia.

Opampu isingenipa usumbufu huo wote, na kwa vipimo vya upotoshaji ingenishinda mchana kweupe. Wanaosema transista zina sauti ya "joto" (joto ninalijua mimi) nawauliza kwanza kama walisawazisha sauti kabla ya kulinganisha. Rezista ya 2,800 badala ya 2,500 inaongeza karibu desibeli 1, na sikio huipenda iliyo juu hata kama halijui kwa nini.

Basi kwa nini najisumbua? Kwa sababu ndani ya chipu nyeusi yenye miguu minane nisingeiona ile LED ikifanya kazi. Kwa wiki nzima nimekuwa nikibadilisha rezista moja moja na kuangalia mita inavyojibu. Kapasita ya mikrofaradi 4.7 bado iko kwenye tundu la kutolea sauti, kuzuia milivolti zilizobaki. Wenye imani kali watasema nimenajisi kazi. Haitoki.