Malezi ya kimila kwenye makao ya watoto: ngoma ya Jumamosi haitoshi

Desemba nilimsindikiza dogo mmoja wa makao ninayosimamia hapa Kasulu kwenda kwa bibi yake upande wa Buhigwe. Alitoka pale ana miaka mitano, sasa ana kumi na tatu. Bibi alivyotuona akaanza salamu zile zetu ndefu, mwakeye, halafu anauliza watu wa nyumbani, anauliza mifugo, anauliza tulipolala, na dogo anajibu shikamoo. Bibi anaendelea, dogo tena shikamoo, mpaka bibi akanyamaza akanigeukia mimi. Saa nzima mi ndo nilikuwa mkalimani kati ya bibi na mjukuu wake wa damu, na ugali wa muhogo ulivyokuja na dagaa wa mawese dogo akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kijiko.

Ila kilichoniuma sio kijiko. Baba yake mdogo alisema kwa Kiha, bila hasira kabisa, kwamba huyu hata mpaka wa shamba la baba yake haujui, atalima wapi. Yaani tumemlea, kasoma, ana afya, na kwao anahesabika mgeni.

Ndo maana mjadala wa kulea watoto wa makao kwa mila na lugha yao siuoni kama wa wasomi tu. Wanaosema makao yawe na wazee, lugha ya kwao, chakula chao na ukoo wao wana hoja, na wanaosema makao yawe ya Kiswahili, shule na taratibu moja kwa wote nao wana hoja, na mi nimekaa pande zote mbili kwa vipindi tofauti.

Waliokwenda mbali kwenye hili ni wenyeji wa asili wa Kanada, na walifika huko kwa njia ya machungu. Watoto zaidi ya laki moja na nusu walichukuliwa wakapelekwa shule za bweni za serikali na makanisa, wakakatazwa lugha zao, na ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990. Serikali iliomba radhi 2008, tume ya ukweli na maridhiano ikamaliza kazi 2015 na mapendekezo 94, na ya kwanza kabisa yanahusu ustawi wa watoto. Lakini sensa ya 2021 bado ilionyesha watoto wa asili ni asilimia 7.7 ya watoto wote chini ya miaka 15, halafu kati ya watoto walio kwenye malezi ya kambo, yaani waliopangiwa familia za kuwalea, ni asilimia 53.8. Kwahiyo wao wakisema mtoto alelewe na watu wake wanajua wanachokimbia, na sheria ya Kanada iliyoanza kutumika Januari 2020 inayapa mataifa hayo nafasi ya kusimamia wenyewe huduma za watoto wao.

Sasa kuna kisa kimoja cha huko huwa nakirudia sana. Mwaka 1993 watoto wa jamii ya Innu, kijiji cha Davis Inlet kule Labrador, mashariki mwa Kanada, walionekana kwenye video wananusa petroli, dunia ikashtuka, wakapelekwa kituo cha tiba kinachoendeshwa kwa mila za wenyeji wa asili, Poundmaker's Lodge, mkoa wa Alberta, upande wa magharibi. Kituo kizuri, wazee wapo, ibada za asili zipo. Lakini Alberta na Labrador ni mwanzo na mwisho wa nchi, mila za kule ni za watu wengine, na watoto waliporudi walikuta nyumba zilezile zisizo na maji ya bomba na wazazi walewale waliochoka, wengi wakairudia petroli. Kijiji chenyewe kilikuja kuhamishiwa Natuashish kuanzia 2002, na hata huko matatizo hayakuisha. Mi naona fundisho liko hapo: mila ya jumla jumla, ngoma na mavazi, haimshiki mtoto kama haijaunganishwa na watu wake hasa na mahali anaporudi.

Hapa kwetu wanaopinga wananiuliza, mila ya nani? Swali zuri. Ukisimama kwenye bwalo letu utakuta Waha, utakuta Wabembe na Wamanyema wa kando ya ziwa, utakuta ambao wazazi wao walitoka Burundi au Kongo, kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996 na iko wilaya hii hii. Ukisema makao ni ya Kiha, mtoto wa Kibembe umemfanya mgeni mara ya pili. Kiswahili ndo kimewafanya hawa watoto wagombane na kupatana kama ndugu, hilo silichezei.

Na kuna wasichana ambao mila ndo imewaleta. Binti alitoroka mahari imeshapokelewa, we unamwambia leo mzee anakuja kuwafundisha mila, atasikia nini? Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, Mahakama Kuu ikasema 2016 hiyo ni kinyume cha katiba, Mahakama ya Rufani ikakazia 2019, lakini mahakama haikai kijijini na wajomba wanakaa. Kwa binti kama huyo ukoo unarudishwa taratibu sana, kupitia shangazi mmoja unayemwamini, na wengine hawarudishwi. Mkimlazimisha kwa jina la utamaduni mnamuumiza.

Kwa upande wa menejimenti ndo penye kazi ambayo wengi hawaisemi. Mila kwenye makao inaishi kwenye ratiba ya shifti na kwenye bajeti. Nani analala na watoto usiku, anaongea nao lugha gani wakiumwa? Tuna mama mmoja jikoni, Muha wa Heru, watoto wadogo wanamfuata kuliko walezi wote wenye diploma, ila ukitaka kumpa shifti ya malezi mkaguzi anauliza cheti. Na mkaguzi hajakosea! Mtu yeyote anayelala na watoto lazima ahakikiwe, mzee wa mila naye ahakikiwe, tena kwa sababu anaheshimiwa na hakuna atakayethubutu kumsema. Tulichofanya ni kumpanga pamoja na mlezi aliyesomea, wawili kila usiku, gharama ikapanda. Wafadhili wanatoa hela ya vitanda na sare, posho ya bibi wa kusimulia hadithi hawaioni ni ya nini.

Nikipima yote, mi niko upande wa mila, lakini mila inayomfuata mtoto mmoja mmoja na ukoo wake, sio mila ya makao. Na kwa mtoto ambaye ndugu wapo na wako salama, makao hata yapambwe vipi yanabaki bweni, bora akae kwao au kwenye familia ya kuaminika hukohuko jirani, sisi tukasaidia daftari na bima.

Kwahiyo mwaka huu fungu la sherehe ya wageni nimelipunguza nikaweka nauli, watoto wanaoweza kurudi waende kwao kila likizo, sio Krismasi tu. Dogo wa Buhigwe kila jioni anakaa jikoni na yule mama anachambua maharage, salamu ameshaziweza mpaka ile ya mifugo. Kwa bibi anarudi Juni wiki mbili, na baba yake mdogo kakubali kuzunguka naye shambani.