Nimeondoa marudio

Kabla hamjaendelea kutumiana ile sauti ya rafiki yangu inayosema nililia kikaoni, naomba na mimi mnisikilize. Sikulia. Kamera ilizimika. Ilizimika kwa kidole changu, sawa, lakini kulia sikulia.

Wageni, niwaweke sawa haraka. Mimi ni mmoja wa wale wanaojitolea kuandika kamusi elezo ya mtandaoni. Hatulipwi hata senti, labda ndiyo maana tunagombana sana. Mtu akimaliza makala yake anaomba mwingine asiyehusika aikague, na ikifaulu inapewa daraja la "makala nzuri". Mkaguzi anaangalia kama lugha imenyooka, kama mambo makuu yamo, kama mwandishi hajapendelea upande, na anatakiwa afungue vyanzo avisome. Hapo kwenye vyanzo msiniulize kitu.

Makala niliyoichukua ilihusu kimbunga Freddy cha mwaka 2023. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimekagua makala mbili maishani mwangu, zote za wachezaji wa mpira. Nikajiona daktari bingwa.

Nikaanza na jina. Vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hupewa majina kwa kufuata alfabeti, hilo nalijua hata mkiniamsha usiku. Msimu ule alikuja Cheneso mwezi Januari, kisha Dingani, kisha Enala, na mwezi Mei akaja Fabien. Sasa hii F nyingine imetoka wapi? Nikaandika: "Mwandishi achague jina moja."

Nikahamia kwenye picha ya setilaiti. Nilikumbuka kusoma mahali kwamba kimbunga huzunguka kinyume cha mishale ya saa, na hiki kilikuwa kinazunguka kuifuata saa. Nikaandika: "Picha imegeuzwa. Iondolewe." Wewe uliyesoma jiografia na tayari umeshika kichwa, vumilia, bado.

Makala ilisema Freddy kilitua Msumbiji tarehe 24 Februari, karibu na Vilankulo. Sawa. Nikashuka chini kidogo, nakuta kimetua Msumbiji tarehe 11 Machi, Quelimane. Nilicheka peke yangu chumbani. Huyu kanakili, kabandika, kasahau kufuta! Kimbunga kikishapita si kimepita? Ningeandika maoni tu yakaishia hapo, leo tusingekuwa hapa. Lakini mimi nikaifuta ile sehemu kwa mkono wangu, na mafuriko ya Malawi yote yakaondoka nayo. Pale kwenye kisanduku cha kueleza ulichobadilisha nikaandika maneno mawili: "Nimeondoa marudio."

Nikalala usingizi mzito sana.

Kesho yake tulikuwa na kikao cha mtandaoni, watu thelathini na kitu. Mwenyekiti, kwa kusikia kwamba nimekagua makala saa nzima bila kunyanyuka, akaniomba niwaoneshe wanachama wapya jinsi ukaguzi unavyofanywa. Nikashea skrini. Nikasoma makosa saba, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Nilipofika kwenye marudio hata nilipumzika kidogo ili wacheke. Kuna mmoja alicheka. Ni yule yule rafiki yangu.

Ndipo mwandishi wa makala akawasha maiki. Dada mmoja mpole mno, na upole wa namna ile sasa hivi nikiusikia natafuta mlango. "Samahani kaka, naomba nioneshe ramani kidogo."

Akafungua ramani ya njia ya kimbunga, ile ya nukta nukta za rangi. Nukta ya kwanza ilikuwa kaskazini-magharibi mwa Australia. Nikasema, "Hata bara kakosea." Nilidhani maiki yangu imefungwa.

Haikuwa imefungwa.

Dada hakujibu. Kishale chake kikaanza kutembea, nukta moja, nukta ya pili, taratibu kama mtu anayemsomesha mtoto irabu. Akasema jina la Freddy lilitolewa na idara ya hali ya hewa ya Australia, na kimbunga kikivuka kuja upande wetu hakibatizwi upya. Nukta zikaimaliza Bahari ya Hindi. Tarehe 21 Februari zikagonga Madagaska. Zikaingia Msumbiji. Nikashusha pumzi: si mnaona, zimeingia, zimekwisha. Kishale kikasimama. Kisha kikageuka.

Jamani, nukta zilirudi baharini! Zikazunguka katikati ya Msumbiji na Madagaska, zikinywa joto la maji na kupata nguvu upya, halafu zikanyooka hadi Quelimane na kupanda kuelekea Malawi. Kuna mtu alikuwa anatafuna kitu muda wote wa kikao. Akaacha kutafuna.

Kwenye ule ukimya mwanachama mpya, ana siku tatu tu, akauliza kwa nia njema kabisa: "Na kusini mwa ikweta si vimbunga huwa vinazunguka kuifuata saa?"

Halafu akaongea mzee mmoja ambaye miezi yote huwa hasemi neno. "Mwanangu, mimi nipo Blantyre. Hayo marudio uliyoyaondoa yalipita kwangu."

Mamia ya watu walikufa Malawi kwenye yale mafuriko na maporomoko ya udongo. Nilitaka kusema pole. Nilitaka kusema nisamehe mzee wangu. Mdomo, bila kunishirikisha, ukajibu: "Asante kwa mchango wako."

Kamera ikazimika.

Yaliyofuata ni mafupi. Sehemu niliyofuta ilirudishwa, mkaguzi mwingine akaipitisha makala, mzee nimempigia na tumeyamaliza. Kati ya makosa yangu saba, la kweli lilikuwa moja, nukta iliyosahaulika mwishoni mwa sentensi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba Freddy kiliishi siku 36, hakuna kimbunga cha tropiki kilichorekodiwa kikadumu hivyo. Mimi nilikimaliza kwa kubofya mara moja. Na historia ya mabadiliko haifutiki, kwa hiyo "Nimeondoa marudio" itabaki pale na jina langu pembeni.

Jana usiku kwenye kundi wametafuta mkaguzi wa makala nyingine: vimbunga vya Msumbiji vya 2019, Idai ya mwezi Machi na Kenneth ya Aprili. Viwili, nchi moja, msimu mmoja. Kabla sijafungua mdomo rafiki yangu akawa ameshaandika: "Mpeni Marudio. Atatubakizia kimoja."