Karura si shilingi mia

Jumapili moja tuliondoka Githurai asubuhi na mapema, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Matatu ya kwanza ilitushusha Muthaiga, na ya pili, ya kwenda Kiambu, ikatufikisha lango la msitu wa Karura. Tulikuwa tumefunga chapati na chai ya thermos. Mke wangu hakufungua kibanda chake cha mboga siku hiyo, na Jumapili ndiyo siku ya mauzo. Langoni tukalipa kiingilio, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 100 kwa raia mtu mzima. Katika yote tuliyotoa siku ile, ni kiingilio tu kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtu.

Hilo linaniuma, kwa sababu kila anayetaka kumega msitu huja na hesabu kamili mkononi: nyumba ngapi, kodi kiasi gani, ajira ngapi. Msitu wenyewe huonyeshwa kwa mapato ya langoni, na mapato hayo hayawezi kushindana na bei ya ekari moja upande wa Muthaiga au Runda. Karura ina takriban hekta 1,000 katikati ya Nairobi. Tamaa ya ardhi hiyo tunaijua. Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walipigwa pale msituni walipokwenda kupanda miche kupinga ugawaji wake. Alivuja damu kichwani kwa ajili ya miti ambayo leo watoto wangu wanakimbia chini yake.

Wachumi wana njia ya kuipa sehemu kama hii thamani yake, nami naiunga mkono. Mwaka 1947 Mmarekani Harold Hotelling aliandikia idara ya mbuga za taifa za nchi yake akipendekeza jambo rahisi: usitazame kiingilio, tazama safari. Anayetoka mbali amelipa zaidi ya anayetoka karibu, ingawa wote wamekata tiketi moja. Basi simama langoni, uliza kila mgeni ametoka wapi, ametumia pesa kiasi gani na muda gani, kisha linganisha idadi ya wanaokuja na umbali wa makwao. Kadiri gharama inavyopanda ndivyo wanavyopungua, na kupungua huko kunakuonyesha watu wangekuwa tayari kutoa kiasi gani kabla ya kuamua kubaki nyumbani. Tofauti kati ya kiasi hicho na walichotoa kweli ndiyo faida wanayoondoka nayo, na hakuna risiti inayoionyesha.

Kenya imewahi kupimwa hivyo. Utafiti wa Navrud na Mungatana kuhusu Hifadhi ya Ziwa Nakuru, uliochapishwa mwaka 1994, ulikadiria kwamba kutazama wanyama pale kulikuwa na thamani ya dola milioni 7.5 hadi 15 kwa mwaka, na zaidi ya theluthi moja ilitokana na heroe. Ndege tu! Ukiwa na tarakimu kama hiyo, anayetiririsha maji machafu ziwani hawezi tena kusema hajaharibu mali ya mtu.

Lakini kuna mahali njia hii inanitia wasiwasi, nako ni kwenye saa. Saa ya safari lazima ipewe bei, na desturi ya watafiti wengi ni kuchukua sehemu ya mshahara wa mtu, mara nyingi theluthi moja. Sasa mtazame wakili aliyekuja na gari lake kwa dakika kumi, kisha mtazame mama mboga aliyebadilisha matatu mbili na kuacha biashara. Kwa kanuni hiyo saa ya wakili ni ghali na ya mama ni senti. Ukweli wa nyumbani kwetu ni kinyume: wakili hakupoteza kitu Jumapili, ilhali mama ametoa unga wa kesho. Na yule wa kijiji cha Huruma, anayepakana na msitu na kuingia kwa miguu, hana nauli ya kuhesabiwa. Kwenye karatasi anaonekana kama mtu asiyeujali msitu.

Wengine watasema basi waulizwe tu wangelipa kiasi gani. Muulize Mkenya swali hilo langoni uone. Atataja kidogo, kwa hofu kwamba kesho kiingilio kitapandishwa, na hofu hiyo ina msingi.

Mimi ningetaka hesabu ifanywe, lakini kando ya shilingi iwekwe safu nyingine: mgeni huyu ametoa kazi ya siku ngapi ili afike hapa? Na iulizwe pia kama miaka iliyopita alikuwa akija. Sisi tuliokulia Nairobi tunakumbuka Karura ya wizi na maiti, ambayo hukuthubutu kuikatiza hata mchana. Msitu ulikuwa uleule. Uzio na askari vilipokuja, na familia zikaanza kuingia, thamani yake kwetu ikapanda, na sababu haikuwa miti. Kiingilio kikipandishwa kupita uwezo wetu, itashuka vivyo hivyo, na daftari la mapato huenda likaonyesha faida mwaka huohuo.

Tulirudi Githurai jioni, mdogo amelala begani kwangu. Mke wangu aliniambia tutarudi mwezi ujao, na kwamba kibanda kitafungwa tena.