Jongoo Bahari wa Ggaba

Uganda haina bahari, lakini hilo halikumsumbua mwongozaji wetu kutoka Ufaransa. Alishamwona jongoo bahari, yule mnyama laini wa baharini mwenye umbo la tango, huko pwani, akampenda, akaamua kumtengenezea filamu ya sanaa hapa Kampala, ufukweni Ggaba, Ziwa Victoria liigize Bahari ya Hindi. Ujongoo nikapewa mimi, ati kwa sababu bibi yangu ni wa Pangani.

Wakanishonea ndani ya godoro la sponji lililopakwa rangi ya kahawia. Kazi yenyewe kulala tu. "Jongoo hana ubongo," mwongozaji akanieleza kwa upole, "kwa hiyo usifikirie chochote." Mdogo wangu aliwekwa awe yule samaki mwembamba anayejificha ndani ya jongoo. Akauliza anaingilia wapi. Kuambiwa ni huko huko nyuma, ambako jongoo pia hupumulia, akavua mapezi. "Kaka, mimi nina mchumba." Akapanda boda, huyoo.

Likabaki tukio kubwa. Jongoo bahari akibughudhiwa huweza kutoa utumbo wake nje, adui ahangaike nao, kisha utumbo mwingine humea taratibu. Mwongozaji alitaka kitu halisi, basi ukanunuliwa utumbo wa ng'ombe buchani, ukafungwa nyuma ya godoro, mimi nikapewa kamba ya kuuachia.

Sasa, Ggaba ni soko la samaki. Juu ya mapaa wamejaa kaloli, wale korongo wenye upara na mfuko shingoni, na hawako pale kutazama mandhari.

Nikavuta kamba.

Wa kwanza alitua bila haraka, kama afisa wa kodi. Akadonoa. Akaja mwenzake, wakaanza kuvutana. Utumbo haukuwa umeachia vizuri. Umefungwa kwenye godoro, na ndani ya godoro nimo mimi, mikono na miguu. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, nikahamia Kiganda. Wavuvi wakaacha nyavu zao. Mama muuza ngege akawa anawashangilia ndege.

"Usisimame!" mwongozaji akapaza sauti, machozi ya furaha yakimtoka. Ningesimamaje?

Nikabiringika hadi majini, sponji ikanywa ziwa. Mvuvi mmoja ndiye aliyenikokota nchi kavu, akawageukia wenzake: "Jamani, huyu tunampima kwa kilo?"

Kwenye malipo wakanikata bei ya godoro. Filamu nayo imekamilika. Sehemu yangu wameiondoa, wamebakiza kaloli.