Nilivyowasimamisha Wakwe Wamlilie Joseph wa Watu

Kabla hamjaendelea kurushiana humu kundini ile sauti ya sekunde 40 iliyorekodiwa ukweni kwangu, nisikilizeni na mimi mwenye aibu yangu. Jamaa yangu, tuliyekua naye Buyenzi, Bujumbura, na sasa tunagandishwa na baridi moja hapa Moncton, Kanada, amewaambia nimezika babu wa watu ukweni. Mwongo. Yule babu alishazikwa miaka mia mbili na ushee iliyopita. Mimi niliwasimamisha tu wakwe zangu sitini wamlilie. Ni kesi mbili tofauti.

Mnajua nimeoa kwa akina LeBlanc wa Memramcook. Akina LeBlanc wa huku wote wanarudi kwa bwana mmoja, Daniel LeBlanc, na mkewe Françoise Gaudet, waliokuwa Port-Royal katikati ya karne ya 17. Wakazaa, wakazaliana, na majina wakayafanyia ubahili: Joseph, Jean, Pierre, Marie, basi. Simama Buyenzi saa ya futari uite "Ramadhani!" uone vichwa vingapi vitageuka. Hivyo hivyo.

Kwa mlioko Kigoma na Dubai: wakwe zangu ni Waakadia, yaani uzao wa Wafaransa waliohamia huku zamani, wakajenga matuta ya kuzuia bahari na kulima vinamasi vya maji chumvi. Tarehe 28 Julai 1755 kaimu gavana wa Kiingereza, Charles Lawrence, na baraza lake la Halifax wakaamua watu hao waondolewe. Tarehe 5 Septemba, kwenye kijiji chao cha Grand-Pré, wanaume na wavulana 418 waliitwa kanisani kusikiliza tangazo, milango ikafungwa. Oktoba wakaanza kupakiwa melini. Huku hili si somo la historia. Huku mtu anakutajia meli kama anakutajia basi lililomwacha jana.

Sasa mimi, mwaka wa tano ukweni, bado naitwa "mume wa yule". Nikasema dawa ipo. Nitawatafutia babu yao aliyefukuzwa, nitamleta mbele ya ukoo tarehe 15 Agosti, sikukuu yao kubwa, halafu tuone nani ataitwa mume wa yule.

Miezi mitatu sikulala. Nikawa profesa. Mke wangu anaongelea bili ya umeme, mimi namwambia rejista za kanisa la Grand-Pré za 1707 hadi 1748 zilibebwa na hao hao waliofukuzwa, leo ziko Baton Rouge, Louisiana. Nilisoma sensa ya 1671 ya Port-Royal nikacheka peke yangu saa nane za usiku. Padri anapita nyumba kwa nyumba kuhesabu watu na ng'ombe. Fundi mapipa mmoja, Pierre Lanoue, anaulizwa umri, anajibu kwamba yeye ni mzima wa afya. Kwa Pierre Melanson mke ndiye anajibu: anamuuliza padri kama ana wazimu, kuzunguka akiuliza mambo kama hayo. Huyo mama angekuwa Buyenzi angekuwa mwenyekiti wa mtaa.

Kosa lilitokea usiku mmoja, na lilichukua kidole kimoja. Nilikuwa na Joseph LeBlanc wawili. Wa kwanza alipelekwa Virginia. Virginia wakawakataa watu wale, mwaka 1756 wakavushwa hadi Uingereza, wakashikiliwa huko mpaka 1763, wakapelekwa Ufaransa. Familia 78 zikapewa ardhi kisiwa cha Belle-Île-en-Mer mwaka 1765, na mwaka 1767 wakubwa wa familia wakala kiapo kueleza nasaba zao. Karatasi tamu hizo! Mtu anakutajia mpaka bibi yake. Joseph wa pili alishushwa Massachusetts. Programu yangu ya kupanga nasaba ikaniuliza: hawa ni mtu mmoja, niwaunganishe? Macho yangu mekundu, chai imepoa. Mke wa huyu anaitwa nani? Marie. Na wa huyu mwingine? Marie. Nikabonyeza.

(Msinicheke. Nanyi mnabonyeza "nakubali" bila kusoma.)

Nikachapisha bango la mita mbili, dola 140, na kifungu cha mashairi chini nilichotunga mwenyewe. Hicho sikirudii hapa.

Sikukuu ikafika. Ukumbi umejaa, nyota ya bendera yao iko mpaka mashavuni mwa watoto. Nimevaa suti. Nilipangiwa dakika kumi, nikatumia ishirini na tano. Nilimtoa Joseph kanisani, nikampakia melini, nikamtenga na mama yake ufukweni, mpaka baba mkwe akatoa leso. Nikajiona. Halafu nikaleta ile niliyodhani ni hekima ya mwaka: tusimame kimya dakika moja, saa 17:55 kamili, kwa sababu 17:55 ni kama 1755. Mmeona akili hiyo?

Nilichosahau ni hiki. Saa hiyo hiyo, kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo saa ya *tintamarre*. Watu wanatoka na masufuria, mifuniko, miko, filimbi, chochote kinachopiga kelele, waambie dunia kwamba bado wapo. Katika dakika zote za mwaka, nilichagua ile moja ambayo Mwakadia hawezi kunyamaza.

Simu yangu ikafika 17:55. Saa ya ukutani, ambayo ndiyo watoto walikuwa wanaitazama, ilikuwa nyuma kidogo. Watu wakasimama. Kimya.

Sekunde ya tano, nasikia friji ya jikoni. Ya kumi, mama mkwe amefumba macho, mikono chini ya meza, nikajua anaomba. Mkwe wangu, ambaye kwa heshima ya kwetu hata kumtazama usoni najifikiria, leo anaomba kwa sababu yangu. Koo likanibana. Ya kumi na tano, naona shangazi yake baba mkwe, mwanamke mkubwa kwa umri kuliko wote ukumbini, ameinamia bango langu na miwani yake imeshuka puani. Kidole chake kinatembea. Kinakwenda kulia. Kinasimama. Kinarudi kushoto. Kinasimama. Wajameni, mimi kile kidole nakiota.

Sekunde ya ishirini akageuka.

"Mwanangu," akasema, sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Machi 1757 huyu mtu yuko Liverpool, kashikiliwa."

Nikaitikia kwa kichwa, maana tuko kimya.

"Na Machi 1757 yuko Massachusetts, kapata mtoto."

Nikaitikia tena. Kichwa kilikuwa tayari njiani.

"Alikuwa anakwenda na kurudi?"

Mtu akakohoa. Kile si kikohozi. Baba mkwe akaishusha leso polepole, akaitazama kama vile imemdanganya yeye. Watu sitini bado wamesimama, hawajui wakae au waendelee kuhuzunika, na mimi ndiye mwenye kuwaambia, na ulimi umegoma.

"Halafu wetu," shangazi akaanza, na hapo saa ya ukutani ikafika.

Paaa! Watoto wote kwa pamoja. Mama mkwe akafumbua macho, akatoa mfuniko wa sufuria na mwiko chini ya meza. Hakuwa anaomba. Alikuwa tayari. Ukumbi mzima ukalipuka, na shangazi, mwenye habari yake mkononi, akanivuta tai mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake, akapiga kelele:

"WETU HAKUPANDA MELI! ALIKIMBILIA PORINI!"

Akaonyesha dirishani, kwenye kinamasi na tuta.

"ANGEKWENDA UFARANSA, HILI TUTA ALIJENGA NANI?"

Hizo ndizo sekunde 40 mlizonazo. Ile sauti nyembamba inayosema "sawa shangazi, sawa shangazi" ni mimi.

Yaliyobaki ni mafupi. Nilipewa *poutine râpée*, donge la viazi lenye nyama ya nguruwe ndani, nikaiacha nyama nikala viazi nikitazama sahani. Joseph wao alijificha msituni, akakamatwa, akafungwa katika ngome ya Beauséjour, vita vilipokwisha akaja kulima hapa hapa, dakika tano kwa gari kutoka pale niliposimama nikimlilia. Wote ukumbini walijua isipokuwa mimi na mke wangu, ambaye anasema alijua lakini hakutaka kunikatisha. Bango limefunika kuni za baba mkwe, maandishi yakitazama barabarani. Na jina limebadilika: sasa naitwa "mume wa Joseph wawili".

Jumapili nilirudi kwa shangazi na daftari jipya, nianze upya kwa adabu, kutoka kwa walio hai kwenda nyuma. Nikamuuliza kwanza amezaliwa mwaka gani.

Akasema yeye ni mzima wa afya, akaniwekea chai.